Kujifunza Gitaa Kuanzia Sifuri: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimefundisha wanaoanza gitaa kwa muda wa kutosha kugundua kwamba maswali yao ni yale yale, na wengi huyauliza kwa aibu kana kwamba ni wao peke yao wasiojua. Nimeyakusanya hapa na majibu ninayoyatoa siku zote. Wapo wapigaji watakaonipinga hapa na pale, hasa kwenye suala la mkono wa kupigia. Wapinge tu.

Nianze na gitaa la aina gani?

Kuna matatu ya kuchagua. Gitaa la nyuzi za nailoni, ambalo wengi huliita la klasiki. Gitaa kavu la nyuzi za chuma. Na gitaa la umeme. Utaambiwa lazima uanze na kavu ndipo upande kwenye la umeme, kama vile la umeme ni cheo. Si kweli. La umeme lina nyuzi nyembamba zilizokaa karibu na shingo, kwa hiyo kulibonyeza ni rahisi kuliko yote. Kasoro yake ni kwamba bila spika yake husikii kitu cha maana.

La nailoni ni rafiki wa vidole, ila shingo yake ni pana: kule juu karibu na vigingi, vile vya kukazia nyuzi, ina kama milimita 52, wakati la chuma lina kama 43. Mwenye kiganja kidogo huiona tofauti hiyo dakika ya kwanza. La chuma linauma zaidi mwanzoni, lakini ndilo lenye ule mlio unaong'aa ambao wengi huwa nao kichwani wanaposema wanataka kupiga gitaa huku wanaimba.

Ushauri wangu: fuata muziki unaousikiliza. Mtu anayependa solo za umeme akipewa gitaa la nailoni kwa sababu ni jepesi kwa vidole, baada ya wiki tatu litakuwa pambo la ukutani.

Tahadhari moja tu. Usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni. Seti ya kawaida ya chuma huvuta gitaa kwa nguvu ya kilo 70 hivi, ya nailoni kilo 40 hivi. Daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, litang'oka, au ubao wa mbele utavimba kama mkate.

Nitajuaje kwamba gitaa si bovu?

Swali hili lingeulizwa kabla ya yote, maana watu wengi wamejiona hawana kipaji kumbe walikuwa wanapigana na gitaa ambalo hata fundi mkongwe lingemshinda.

Kwanza lishike kama mtu anayelenga shabaha: jicho upande wa mwili wa gitaa, ukitazama shingo kuelekea kwenye vigingi. Mpindo mdogo sana kwenda mbele si kitu. Likiwa limejinyonga kama ubao ulionyeshewa mvua, liache.

Pili, nenda freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokata shingo, vikihesabiwa kuanzia upande wa vigingi), uangalie nafasi kati ya freti na uzi mnene. Kwa gitaa kavu la chuma, milimita 2 hadi 2.5 ni nzuri. Kwa la nailoni, 3 hadi 4 ni kawaida. Ikiwa kidole chako cha mwisho kinapita chini ya uzi bila kuugusa, utateseka bure. Fundi anaweza kuushusha kwa kusugua kile kipande cheupe kilichokaa juu ya daraja, kwa hiyo tatizo hili peke yake lisikukatishe tamaa.

Tatu, piga kila uzi katika kila freti, taratibu, ukisikiliza mahali panapolia *zzzz*. Ni kazi ya dakika tano. Muuzaji atakutazama vibaya, mwache atazame.

Nne, jaribio ninalolipenda. Gusa uzi kidogo tu, bila kuubonyeza, juu kabisa ya freti ya 12, kisha upige na uondoe kidole mara moja. Utasikia sauti nyembamba kama ya kengele. Sasa bonyeza uzi huohuo kwenye freti hiyohiyo na upige tena. Sauti hizo mbili zinapaswa kuwa moja. Zikipishana kwa wazi, gitaa hilo litasikika sawa huku chini na kukosea huku juu, hata ulituni vipi. Ila kabla ya kulihukumu hakikisha nyuzi si chakavu, kwa sababu nyuzi zilizochoka nazo hufanya hivyo.

Vidole vyangu ni vifupi (au vinene). Nitaweza?

Utaweza. Mpiga gitaa wa jazi Django Reinhardt aliungua mkono wa kushoto katika moto wa mwaka 1928, akabaki akipiga solo zake kwa vidole viwili, na hadi leo kuna wenye vidole vyote wanaohangaika kumfikia. Kwa watoto yapo magitaa madogo, ya robo tatu na ya nusu.

Mimi ni wa mashoto. Nifanyeje?

Una njia tatu, na zote zimewahi kutoa wapigaji wakubwa. Jimi Hendrix aligeuza gitaa la kulia na kuzipanga nyuzi upya. Elizabeth Cotten aligeuza gitaa bila kubadilisha nyuzi, akawa anapiga besi kwa vidole na melodi kwa gumba. Mark Knopfler ni wa mashoto lakini anapiga kama watu wa kulia.

Kama hujawahi kushika gitaa kabisa, jaribu kwanza la kawaida kwa wiki mbili. Mikono yote miwili ina kazi ngumu, na utapata magitaa mengi zaidi ya kuazima. Ukiona mkono wa kulia unakataa kabisa kushika mdundo, chukua la mashoto bila kujilaumu.

Nyuzi zinaitwaje, na nitatunije gitaa?

Uzi wa kwanza ni ule mwembamba ulio karibu na sakafu, wa sita ni ule mnene ulio karibu na kidevu chako. Hapa wengi huchanganya, kwa sababu ukitazama kutoka juu mnene ndio unaouona kwanza.

Kuanzia mnene hadi mwembamba ni E, A, D, G, B, E. Wanafunzi wangu hukariri hivi: *Eti Ali Daima Gitaa Badala ya Elimu*. Hiyo "ya" usiihesabu. Ali mwenyewe kila mtu anamfahamu mmoja.

Njia rahisi ni programu ya simu au kile kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kichwa cha gitaa. Piga uzi mmoja, soma herufi, geuza kigingi polepole. Kama uzi uko juu kupita kiasi, ulegeze hadi ushuke chini ya sauti unayotaka, kisha upandishe kuifikia. Ukituni kwa kushuka, meno ya kigingi huacha ulegevu, na baada ya nyimbo mbili uzi unakuwa umeteleza.

Kosa nililolifanya mimi mwenyewe, nikiwa na gitaa la kuazima: nilikuwa napiga uzi wa kwanza huku nageuza kigingi cha uzi wa pili. Simu ikawa inasema bado, mimi nakaza. Inasema bado, nakaza. Uzi wa pili ulikatika kwa mlio wa kiboko na kunichapa juu ya kiganja. Tangu siku hiyo, kabla ya kugeuza kigingi chochote, ninaufuata uzi kwa kidole kutoka kwenye daraja hadi kwenye kigingi chake. Fanya hivyo nawe mpaka mkono uzoee.

Usitegemee simu milele, lakini. Jifunze na njia ya sikio. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya 5: hiyo ndiyo sauti ya uzi wa tano ukiwa wazi, yaani bila kubonyezwa. Wa tano kwenye freti ya 5 unatoa sauti ya wa nne. Wa nne kwenye freti ya 5, wa tatu. Wa tatu unabonyezwa freti ya 4, si ya 5, kutoa wa pili. Wa pili freti ya 5, wa kwanza. Piga nyuzi mbili pamoja na usikilize: zikikaribiana bila kufanana utasikia sauti ikiyumba, *wao-wao-wao*. Kadiri unavyokaribia, kuyumba kunapungua kasi, *waaao… waaao…*, halafu kunatulia kabisa. Hapo umefika. Si uchawi: uzi mmoja ukitetema mara 110 kwa sekunde na mwingine mara 108, masikio hupokea mayumbo mawili kila sekunde.

Vidole vinauma. Nitazoea lini?

Kwa anayepiga kila siku, maumivu ya ncha za vidole hupungua sana ndani ya wiki mbili hadi nne, sugu zinapoota. Usikeshe siku ya kwanza ukitarajia kuota sugu kwa usiku mmoja. Utapata malengelenge, upumzike siku nne, urudi pale ulipoanzia. Usipige vidole vikiwa vimelowa, ngozi ikiwa laini. Kucha za mkono unaobonyeza zikatwe kabisa, hilo halina mjadala.

Mara nyingi maumivu ni ya kujitakia. Kidole kikae nyuma tu ya kile chuma cha freti, upande wa kichwa cha gitaa, kikikikaribia bila kukipanda. Jaribu: bonyeza katikati ya nafasi, kisha usogeze kidole hadi karibu na chuma, huku ukipunguza nguvu kidogo kidogo mpaka sauti ianze kuchakaa. Utashangaa ni nguvu kidogo kiasi gani inahitajika. Wanaoanza wengi hubana shingo kama wanaokamua kitambaa.

Maumivu ya kifundo cha mkono au ya kiungo cha gumba ni habari nyingine. Hayo hayazoeleki. Acha kupiga, nyoosha mkono, na uangalie unavyokaa: huenda umekunja kifundo kupita kiasi au gitaa limelala mapajani ili ulione vizuri.

Nianze na kodi zipi?

Kodi, si ile ya serikali. Ni sauti tatu au zaidi zinazopigwa pamoja. Anza na Em, Am, C, G na D. Kwa hizo tano una nyimbo za mwaka mzima. Ongeza E, A na Dm baadaye.

Baada ya kuweka kodi, piga uzi mmoja mmoja, si zote kwa pamoja. Uzi uliokufa utajitaja. Mara nyingi kosa si kwa kidole kinachoubonyeza bali kwa jirani yake aliyelala juu yake. Simamisha vidole kwa ncha, kama vinatembea juu ya kaa la moto.

Kodi nazijua, lakini nikibadilisha wimbo unasimama. Kwa nini?

Kwa sababu unajenga kila kodi upya, kidole baada ya kidole, kama mtu anayepanga matofali. Wapigaji hawafanyi hivyo. Vidole vyao husafiri kwa makundi, na vingine havisafiri kabisa.

Chukua gitaa tuone. Weka Em: kidole cha kati uzi wa tano freti ya 2, cha pete uzi wa nne freti ya 2. Sasa unataka Am. Usinyanyue mkono. Vidole hivyo viwili, vikiwa vimeshikana vilevile, vinashuka uzi mmoja kuelekea sakafuni: cha kati uzi wa nne, cha pete uzi wa tatu. Kidole cha shahada kinatua uzi wa pili freti ya 1. Umefika.

Kutoka Am kwenda C? Shahada hakiondoki. Cha kati hakiondoki. Cha pete peke yake kinaruka kutoka uzi wa tatu hadi uzi wa tano freti ya 3. Watu hunyanyua mkono mzima kwa safari ya kidole kimoja!

Sasa C kwenda G, ambayo ndiyo inayowaliza wengi. Cha pete kiko uzi wa tano freti ya 3, cha kati uzi wa nne freti ya 2. Vyote viwili vinapanda uzi mmoja kuelekea kidevuni: cha pete uzi wa sita freti ya 3, cha kati uzi wa tano freti ya 2. Shahada kinanyanyuka, kidole cha mwisho kinakaa uzi wa kwanza freti ya 3. Utaona vitabu vingine vikiiandika G kwa vidole tofauti. Si kosa, lakini kama wimbo wako una C na G, hii ya kwangu itakuokoa.

Zoezi: chagua kodi mbili tu, weka saa ya dakika moja, uhesabu umebadilisha mara ngapi kwa usafi. Andika namba. Kesho tena. Ukiwa na mabadiliko 10 kwa dakika wimbo utakuwa unakwama. Ukifika 30 hivi utaanza kusahau kwamba unabadilisha. Usichanganye kodi tano kwa siku moja.

Nabadilisha vizuri sasa, lakini bado haisikiki kama wimbo.

Hapa ndipo ninapogombana na watu. Ukimtazama anayeanza, macho yake yote yako kwenye mkono wa kodi. Mkono wa kupigia umeachwa uhangaike wenyewe. Lakini msikilizaji hajui kodi. Kodi mbaya moja ikipita kwa wakati wake, hata mwenye sikio atasamehe. Kodi nzuri ikichelewa nusu sekunde, hata mtoto mchanga ataacha kucheza.

Kwa hiyo kabla ya yote, ziba nyuzi zote kwa mkono wa kushoto ukizigusa tu, ili zitoe *chaka-chaka* bila sauti ya muziki. Hesabu kwa mdomo: moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Mkono unashuka kwenye kila namba na kupanda kwenye kila "na". Haukomi. Ni kama mtu anayepepea jiko: juu, chini, juu, chini, hata kama moto umeshawaka.

Sasa ufundi uko hapa: mkono unaendelea kupepea, lakini si kila mara unagusa nyuzi. Gusa kwenye *moja*. Pita hewani kwenye "na". Gusa *mbili*, gusa "na". Kwenye *tatu* shuka lakini usiguse. Gusa "na" ukipanda. Gusa *nne*, gusa "na". Sikiliza: *cha, cha-cha, a-cha-cha-cha*. Mdundo huo mmoja unabeba nyimbo nyingi mno. Wanaokosea ni wale wanaosimamisha mkono kwenye ile *tatu* kwa kuwa haina mlio. Ukiusimamisha, umepoteza saa yako.

Baada ya siku mbili tatu za *chaka-chaka*, weka kodi moja, Em. Halafu mbili. Na kanuni ya nyumbani kwangu ni hii: kodi ikichelewa, mkono wa kulia usisubiri. Piga hata nyuzi tupu. Mkono wa kushoto utajifunza kuliwahi basi. Ukilisimamisha basi kila mara, hautajifunza kamwe.

Metronomu, kifaa kinachogonga mapigo kwa usawa, inasaidia. Anza 60 kwa dakika, au hata 50. Polepole ni kugumu kuliko haraka, na ndiyo maana watu hukimbia.

Nipige kwa piki au kwa vidole?

Piki, kile kipande cha plastiki cha pembe tatu, kinatoa sauti kali na ni kizuri kwa mdundo. Chukua laini kwanza, kisikwame kwenye nyuzi. Kishike kwa gumba na ubavu wa kidole cha shahada, kichungulie kidogo tu.

Vidole vinatoa kitu kingine kabisa: besi na melodi kwa pamoja, kana kwamba mnapiga wawili. Wala huhitaji vidole vyote. Mwenda Jean Bosco, aliyeimba kwa Kiswahili kutoka Katanga na kurekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, alijenga muziki wake mzima kwa gumba na kidole cha shahada. Ukitaka kuonja, shika C: gumba lipige uzi wa tano na wa nne kwa zamu, bila kukosa, kama miguu inavyotembea. Likishazoea, shahada kiongeze uzi wa pili katikati ya hatua. Wiki ya kwanza gumba litataka kumfuata mwenzake. Lizuie.

Ni lazima nijue kusoma nota?

La. Wengi hutumia tablatura: mistari sita inayowakilisha nyuzi, wa chini kabisa ukiwa uzi mnene, na namba zinazoonyesha freti ya kubonyeza. Namba 0 ni uzi wazi. Mbinu hiyo si ya wavivu wa leo. Wapigaji wa zana za nyuzi Ulaya waliitumia katika karne ya 16. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi haikuambii sauti idumu kwa muda gani, kwa hiyo lazima wimbo uwe umeusikia.

Ukitaka kupiga klasiki, hapo nota hazikwepeki.

Kodi ya F imenishinda.

Imewashinda wote kwa muda fulani. Inataka kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi zote sita kwenye freti ya 1, mahali ambapo nyuzi ni ngumu kubonyeza kuliko popote, huku vingine vitatu vikishika kazi yao. Kwa hiyo usijifunzie hapo. Peleka umbo lilelile freti ya 5, ambapo linakuwa A, lifanye lisikike safi, kisha shuka freti moja kila baada ya siku chache hadi ufike ya 1.

Kidole cha shahada kilaze kwa ubavu kidogo, upande wa gumba, ambako mfupa uko karibu. Ukikilaza kwa tumbo, nyuzi huingia kwenye mikunjo ya viungo na kufa. Nguvu isitoke kwenye gumba peke yake. Vuta kiwiko nyuma taratibu, mkono uning'inie kwa uzito wake.

Wakati huohuo nyimbo zisisubiri. Tumia F ndogo: cha pete uzi wa nne freti ya 3, cha kati uzi wa tatu freti ya 2, shahada uzi wa pili freti ya 1, na uzi wa kwanza wazi. Kwa hakika hiyo si F kamili, ina sauti moja ya ziada, lakini mimi mara nyingine naipenda kuliko yenyewe.

Nikianza kuimba, mkono unapotea.

Kwa sababu mkono bado unakuhitaji. Piga wimbo mpaka uweze kuzungumza na mtu kuhusu mambo ya jana bila mkono kusimama. Kisha imba kwa mguno, bila maneno. Maneno yaje mwisho, mstari mmoja mmoja.

Kama wimbo uko juu au chini ya sauti yako, tumia kapo, kibanio kinachofunga nyuzi zote kwenye freti moja. Kila freti inapandisha nusu hatua. Ukiweka kapo freti ya 2 na kushika umbo la G, kinachosikika ni A.

Na waliowahi kuimba kwaya kwa do-re-mi wana faida kubwa wasiyoijua. Ukiifanya G kuwa *do*, C ni *fa* na D ni *so*. Nyimbo nyingi sana huzunguka humo tu. Kaa kimya, imba melodi, usikilize ni wapi wimbo unataka kuhama: mara nyingi utahama kwenda *fa* au *so*, na mwisho utarudi nyumbani kwa *do*. Ndivyo watu wanavyopata kodi za wimbo bila kuangalia popote.

Nijizoeze muda gani, na nitaanza kupiga nyimbo lini?

Dakika 20 kila siku ni bora kuliko saa tatu za Jumamosi. Liache gitaa nje ya mfuko wake, mahali unapopita. Lililofungiwa halipigwi.

Ninavyoona kwa wanaojizoeza hivyo, wimbo wa kodi tatu unasikika kama wimbo baada ya miezi miwili au mitatu. F huja baadaye. Kila mara maliza kwa kupiga kitu unachokipenda, hata vibaya.

Mwalimu au video?

Video zinakuonyesha la kufanya. Haziwezi kuona unachofanya. Ukiweza, kaa na mpigaji hata mara moja kwa mwezi akutazame mikono. Vinginevyo jirekodi kwa simu na ujitazame siku ya pili. Inaumiza, lakini inafundisha.

Nina miaka 50. Nimechelewa?

Hapana. Swali linalofuata.

Nyuzi nibadilishe lini, na gitaa nilitunzeje?

Zikiwa na kutu, zikikwaruza, au zikitoa sauti butu kama kisanduku. Nyuzi nene zimezungushiwa waya, na jasho na uchafu hujaa kwenye mizunguko hiyo. Kuzifuta kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kunaongeza maisha yake. Nyuzi mpya za nailoni hunyooka kwa siku kadhaa, usidhani gitaa lako ni bovu kwa kutoka tuni kila dakika.

Usiliache gitaa ndani ya gari juani. Gundi hulegea, daraja linainuka, na hakuna dawa ya bure.

Uzi umekatika na sina mwingine. Niache kupiga?

Hata kidogo. Ukikatika wa sita, piga C, Am na D, ambazo hazihitaji uzi huo hata kwa kawaida. Keith Richards wa kundi la Rolling Stones ameuondoa kwa makusudi kwenye baadhi ya magitaa yake na kuzituni tano zilizobaki kwa G, D, G, B, D, kiasi kwamba ukipiga nyuzi wazi tayari una kodi ya G. Ukikatika wa kwanza, kodi nyingi zinabaki, zinakosa mng'aro tu. Wa tatu ukikatika ndio utakuudhi, kwa sababu uko katikati ya kila kitu. Siku hiyo ziba zilizobaki kwa kiganja na urudie *chaka-chaka*.

Na ukinunua, nunua seti mbili. Moja ya kufunga, nyingine ikae kwenye mfuko wa gitaa pamoja na mkasi mdogo wa kukatia ncha, maana nyuzi hazikatiki ukiwa umejiandaa.